Asali ya Mdomoni

Ninaikumbuka vizuri siku ile kaka yangu Venansi alipokuja nyumbani na wanaume wawili wenye mashoka mabegani, wakapita uani bila kukaa, wakapanda moja kwa moja mlimani kwenye msitu wa marehemu baba. Kilikuwa kiangazi, katika ile miaka ya tisini, kwetu upande wa Busunzu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua maharage, na majirani wawili walikuwa wamekaa nami, nawasimulia habari za asali yangu. Nilikuwa nimefika pale pazuri, mahali ambapo wanunuzi wanatoka Kasulu na Kibondo kuja kunitafuta mimi, Yustina binti Simoni, hadi mlangoni.

Mwanangu, asali hiyo haikuwepo. Sikuwa na mzinga hata mmoja.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana bila hivyo utaniona mwongo, na mimi sikuwa mwongo. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi zamani sana, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Serikali ya kijiji ikampa baba kipande cha ardhi: shamba chini, na juu yake mteremko wenye miyombo mikubwa ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya mawe. Baba aliipenda miyombo ile. Kule alikotoka alikuwa mfuga nyuki, na hapa alitundika mizinga yake, na tulipokuwa watoto hatukujua sukari, tulijua asali tu. Nyumbani tuliiita ubuki, kwa lugha yetu. Baba alipofariki, mizinga yake ilibaki juu ya miti miaka mitatu bila mwenyewe. Kamba zikaoza, ikaanguka mmoja baada ya mwingine, mchwa wakamaliza iliyobaki.

Basi mimi nikaanza kuota kwamba nitairudisha. Sisemi kuota usingizini, nasema kuota macho yakiwa wazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza darasa la saba, wenzangu wengi wameshaolewa, na kazi yangu ilikuwa jembe na kwaya ya Jumapili. Nikitoka kuteka maji nilikuwa naitazama ile miyombo naihesabia mizinga: pale miwili, pale mitatu. Nilichora mizinga kwenye daftari. Nilichagua hata chupa. Nikawa nawaeleza watu: kisimani, kanisani baada ya mazoezi, njiani kwenda gulioni. Watu walikuwa wananisikiliza, wanacheka vizuri, wananiita Mama Asali. Na mimi, mwanangu, nilidhani wananisifu.

Nitakuambia kitu ambacho nilichelewa kukijua. Kila nilipoisimulia ile ndoto, nilikuwa napata furaha kama ya mtu aliyemaliza kazi. Nilirudi nyumbani nimeshiba. Sasa mtu aliyeshiba atakwenda kupika nini? Miaka miwili ilipita namna hiyo, na mimi naiona kama miaka ya maandalizi.

Siku hiyo ya mashoka niliacha maharage nikapanda mlima mbio. Nikamkuta Venansi anazunguka mti na wale wanaume, wanaupiga shina kwa kiganja kama watu wanaonunua ng'ombe. Miaka ile kambi za wakimbizi zilikuwa zinajaa, watu wengi wanapika, na kuni na mkaa vilitafutwa kila mahali. Milima kadhaa ya jirani ilikuwa imeshabaki vipara. Wale walikuwa wachoma mkaa.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nauza miti," akasema. Hakuwa mkali. Venansi hakuwahi kuwa mtu mkali. "Nyumba ya mama inavuja, Yustina. Masika iliyopita alilala amekaa kitako kwenye kona. Nataka kumwezekea bati."

"Na mizinga yangu?"

Akanitazama. Halafu akatazama juu ya mti, akazunguka, akatazama juu ya mti wa pili, na wa tatu. Alifanya hivyo taratibu, bila dharau, kama mtu anayetafuta kweli.

"Mizinga ipi, dada yangu? Nionyeshe mmoja tu, niwaambie hawa waondoke."

Wale wanaume walikuwa wananisubiri nijibu. Nilifungua mdomo, mdomo ule ule uliokuwa hodari kisimani, nikakosa neno. Nikawa natazama viatu vya kaka yangu, raba za bluu zilizotoboka kidole. Mpaka leo nikifumba macho naviona.

Jioni ile nikamwendea mama nikidhani atakuwa upande wangu. Mama alikuwa anamenya mihogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, miti ni ya baba yenu, na mimi naipenda. Lakini asali yako itatoka lini? Nyumba yangu inavuja sasa."

Venansi akakubali jambo moja. Wachoma mkaa walikuwa na kazi mlima mwingine, wangemaliza baada ya wiki saba au nane. Akasema, "Wakirudi wakakuta nyuki wanaishi kwenye mti mmoja tu, wanaishi kweli, siyo kwenye daftari, miti nitaiacha mpaka msimu wa kurina asali tuone kitakachotoka. Wakikuta hakuna, usinililie."

Nikalia hapo hapo.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee Ntiruka. Huyu alikuwa rafiki wa baba, mfuga nyuki mkongwe kuliko wote upande wetu, mzee mfupi, mkavu, aliyekuwa amepungukiwa vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa sababu ya shoka la ujana wake. Nilikuwa mgeni wake wa kila wiki. Nilimkalia miaka miwili, namuuliza maswali, namweleza mipango, na yeye anachonga tu, anaitikia kwa koo. Siku hiyo nilikwenda kutafuta kuhurumiwa. Nilitaka aseme Venansi hana akili.

Nikamwamkia, "Mwakeye, Babu," akaitikia, nikaanza. Nikamweleza mashoka, bati, mkaa, machozi. Nikamweleza tena na jinsi msitu ule ungekuwa siku moja, mizinga arobaini, wanunuzi wa Kasulu. Alikuwa anachonga gogo kwa tezo. Tezo ni kama jembe dogo la mkono, la kuchimbia mti. Vipande vilikuwa vinaruka, yeye hainui kichwa. Nilipomaliza ndipo akaweka tezo chini.

"Binti Simoni," akasema, "tangu mwaka juzi unakuja hapa. Umenieleza asali yako ina rangi gani. Umenieleza utaiweka kwenye chupa gani. Mimi nimekusikiliza kwa sababu baba yako alikuwa mtu wangu. Sasa nami nikuulize. Hao nyuki wako wanalala wapi? Mdomoni?"

Akanyoosha kidole kuelekea mlimani kwetu.

"Kaka yako anataka kukata miti, lakini angalau ana shoka mkononi. Wewe una nini mkononi? Nionyeshe."

Mwanangu, nikaviangalia viganja vyangu kweli, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu kama amenawa. Nikaona aibu. Nilitaka kuondoka nisirudi tena kwake maisha yangu yote, na nilikuwa nimeshasimama. Akanirushia neno moja mgongoni: "Kesho njoo na shoka. Mdomo uuache nyumbani."

Usiku ule nilimchukia yule mzee. Nakuambia ukweli, nilimchukia. Lakini kulipokucha nililitafuta shoka la baba nyuma ya ghala, nikaenda.

Kazi ya kuchonga mzinga wa gogo usiidharau. Unatafuta mti ulioanguka wenyewe na kukauka, unakata kipande cha urefu wa mikono miwili, unakipasua katikati kwa kabari, halafu kila nusu unaichimba ndani kwa tezo mpaka ibaki ganda. Baadaye unazirudisha nusu mbili pamoja, unazifunga kwa kamba za magome, unaziba ncha zote mbili kwa vifuniko vyenye matundu madogo ya nyuki kupitia. Ukisimuliwa ni dakika moja. Gogo langu la kwanza lilinichukua siku tisa, na siku ya tisa likapasuka kwa sababu nililipiga kwa hasira. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Mzee Ntiruka alilitazama gogo lililopasuka, akasema, "Hili ni la kupikia," akanionyesha kwa kidole gogo jingine.

La pili likakaa. La tatu likakaa, tena zuri kuliko la pili. Ndani nikapaka nta na ile gundi ya nyuki aliyonipa mzee, ili nyuki wakipita wasikie harufu ya nyumbani. Wakati huo wiki nne zilikuwa zimeisha.

Na kuna jambo nilikuwa nimelisahau makusudi kwa miaka miwili yote. Mzinga hauketi chini. Unatundikwa juu ya mti, na kwetu mwanamke hapandi mti. Ni jambo la aibu, watu watasema. Katika ndoto zangu mizinga ilikuwa imeshafika juu tayari, sijui nani aliipandisha. Nilipomuuliza Mzee Ntiruka, nikitarajia ataniambia nimtafute mwanamume, akajikuna kidevu.

"Mimi miguu yangu imekwisha," akasema. "Kaka yako hatakusaidia umshinde yeye mwenyewe. Na nyuki sijawahi kuona wakimuuliza mtu kama amevaa gauni. Una suruali?"

Nilikuwa na kaptula ya Venansi ya shule. Nikaivaa ndani ya kitenge, nikapanda mlimani peke yangu asubuhi mapema, watu wasinione. Kupanda nilipanda, kwa magoti na kwa meno. Nikapitisha kamba juu ya tawi, nikashuka, nikaanza kuuvuta mzinga. Ulifika nusu. Mikono ikanishinda, kamba ikanichoma viganja ikapita, mzinga ukashuka ukapiga jiwe. Ukapasuka vipande viwili, ule mzuri, wa tatu. Nikakaa chini ya mti nikiwa na kaptula ya kaka yangu, magoti yanatoka damu, na nikajisemea mwenyewe kwamba kule kisimani mambo yalikuwa rahisi zaidi.

Niliporudi mama aliniona magoti. Nikadhani atanigombeza kwa habari ya kupanda mti, maana yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwanamke hapandi. Akaniosha kwa maji ya moto na chumvi. Halafu akauliza, "Kamba ilikushinda kwa sababu ulikuwa peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho tutakwenda wawili."

Mwanangu, mama yangu wakati huo alikuwa mtu mzima, ana maumivu ya kiuno. Alikuja. Alijifunga kanga mbili kiunoni, akashika ile kamba, akavuta huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini ili apate mwendo, na mimi juu ya tawi naupokea mzinga uliokuwa umebaki naufunga. Kina mama waliokuwa wanatoka kuteka maji walisimama pale njiani wakatutazama. Mmoja akapiga kelele, "Mama Venansi, umemtoa binti yako akawe nyani?" Mama akamjibu bila kuiachia kamba, "Njoo uvute na wewe, mbona una mikono!" Yule mama akacheka. Halafu akaweka ndoo chini, akaja akavuta kweli.

Tukautundika ule mzinga. Wiki iliyofuata nikamaliza kuchonga mwingine, tukautundika mti wa pili, pale juu karibu na jiwe kubwa. Miyombo ilikuwa imeanza kutoa yale majani machanga mekundu, ambayo kwetu hutangulia mvua, na Mzee Ntiruka akasema huu ndio wakati nyuki wanahama kutafuta makazi.

Nikawa napanda kila siku kuchungulia. Asubuhi nachungulia, jioni nachungulia. Hakuna kitu. Siku moja nikakuta nyuki wachache wanazunguka tundu, nikasogeza uso ili nione vizuri, wakanidunga jicho na mdomo wa juu. Jumapili niliimba kwaya uso umevimba kama mkate, na kila aliyegeuka kunitazama alikuwa anajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mzee Ntiruka hakucheka. Alinikaripia. "Hao walikuwa wakaguzi, walikuja kuona nyumba. Wewe unamwekea mgeni uso mlangoni? Usiende tena. Mpaka nikuambie."

"Lakini Babu, wachoma mkaa wanarudi wiki ijayo."

"Usiende. Kazi yako umeifanya. Kama una nguvu zimebaki, gogo hilo hapo."

Nikarudi kwenye gogo. Na hapa nataka usikilize vizuri, kwa sababu ilikuwa ndiyo mara ya kwanza nilijiona nimebadilika. Nilichonga siku sita mfululizo bila kumsimulia mtu yeyote chochote. Watu wakiniuliza, "Asali vipi?" najibu, "Bado nachonga," basi. Sikuwa na hamu ya kuongea. Mikono ilikuwa imeshaota sugu, na tezo lilikuwa linaingia kwenye mti bila kuteleza.

Wachoma mkaa wakarudi siku ya saba. Walikuwa wanne safari hii. Venansi akanipitia nyumbani, akasema, "Twende pamoja, usije ukasema nimekuficha." Mama naye akaja. Tulipanda mlima kama watu wanaokwenda msibani.

Tukafika mti wa kwanza. Tukasimama. Tukasikiliza. Mzinga ulikuwa kimya. Venansi akaokota kijiwe, akaurushia taratibu, tok. Hakutoka hata inzi. Akanitazama na nikaona kwamba yeye mwenyewe ameumia.

"Dada yangu," akasema, "umejitahidi. Nimeona. Lakini tulipatana."

"Kuna wa pili," nikasema.

"Tutaufikia."

Lakini wale wanaume walikuwa na haraka zao. Mkubwa wao alikuwa ameshapita mbele mpaka karibu na lile jiwe, akavitemea mate viganja, akachagua mti ulionyooka, akaupiga shoka. La kwanza. La pili. Mimi nikapiga kelele, kwa sababu ule ndio uliokuwa na mzinga wangu wa pili, yeye hakuuona kwa sababu ya majani. Akapiga la tatu.

Mwanangu, sauti ile sijui nikuelezeje. Ilianza kama mtu anayeguna ndani ya nyumba iliyofungwa. Halafu ikafunguka. Nyuki walitoka kwenye tundu kama maji yaliyovunja ukingo, na yule bwana aliyekuwa na shoka alikuwa wa kwanza kujua. Alitupa shoka, akapiga mayowe, akashuka ule mteremko wa mawe kwa mbio ambazo sijaona mtu mzima akikimbia. Wenzake nyuma yake. Mmoja aliacha kiatu. Venansi naye akakimbia, akipiga kichwa chake kwa kofia, na mama akakimbia akiwa ameshika kanga zake, anacheka huku anakimbia, analia huku anacheka. Na mimi nilikimbia, nisikudanganye, nilidungwa shingoni na mikononi, lakini njia nzima nilikuwa napiga vigelegele. Walikuwepo! Walikuwa wanaishi! Walikuwa wamehamia mle mle nilimochimba kwa mikono yangu, wakati nimekatazwa kuchungulia, wakaweka malkia wao na kujaza nyumba.

Tulikusanyika chini shambani, tunahema. Sikio la kushoto la Venansi lilikuwa limeshaanza kuvimba, limekuwa kubwa kama fungu la kisamvu. Akaligusa, akaguna. Wale wanaume wakamwambia kwa hasira, "Bwana, hukutuambia kama kuna nyuki!"

Kaka yangu akanitazama mimi, halafu akawatazama wao. "Nami sikujua," akasema. "Lakini sasa mmejua na mimi nimejua. Miti haiuzwi. Nilimpa neno langu dada yangu."

Wakaondoka wakinung'unika, na mwenye kiatu kimoja akaahidi kukifuata kesho. Hakurudi. Venansi akakaa juu ya tuta, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali. Alikuwa anawaza bati muda wote ule, alikuwa anamhurumia mama, na bado alicheka. Ndiyo maana nakuambia hakuwa mtu mbaya.

Mvua ilipokuja, yeye ndiye aliyeiziba nyumba ya mama kwa nyasi mpya na turubai, avumilie mwaka mmoja. Na mimi niliendelea kuchonga. Kufika msimu wa kurina nilikuwa na mizinga saba juu ya miti, na mitano ilikuwa na nyuki.

Siku ya kurina tulipanda jioni, jua bado liko juu ya milima ya magharibi. Nilifunga kienge cha nyasi kavu, nikakiwasha kitoe moshi, nikapanda. Chini walikuwepo Venansi aliyeshika kamba na ndoo, mama, wale kina mama wa kisimani, na Mzee Ntiruka aliyepandishwa mlima kwa kubebwa mgongoni na wajukuu zake wawili waliokuwa wakipokezana, maana alikataa kubaki nyumbani. Nilifungua kifuniko, nikapuliza moshi, nikasubiri kama nilivyofundishwa, nikaingiza mkono. Nikagusa sega. Lilikuwa zito, la moto, limejaa. Nilikata, nikaacha ya nyuki wenyewe kula, nikajaza ndoo, nikaiteremsha kwa kamba. Watu chini wakaipokea. Halafu nikasikia kelele ya furaha ambayo haijawahi kunitoka masikioni.

Niliposhuka, Mzee Ntiruka alikuwa amepewa kipande cha kwanza. Alitafuna muda mrefu, akatema nta mkononi, akaitazama. Sote tunamsubiri.

"Ni ya miyombo," akasema. "Safi." Halafu akanishika kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole chake gumba juu ya zile sugu, moja baada ya nyingine. "Sasa nieleze," akasema, "hiyo mizinga arobaini unataka kuitundika wapi. Sasa nakusikiliza."

Hapo ndipo nililia, mwanangu. Na sikuwa na huzuni hata chembe.

Mama aliezekewa bati kiangazi kilichofuata, na Venansi ndiye aliyepiga misumari. Kabla ile miaka haijaisha, kina mama sita wa kijiji chetu walikuwa wanapanda miti mchana kweupe, kaptula ndani ya vitenge, na hakuna aliyewaita nyani. Nakumbuka pia siku moja gulioni Kasulu, nimesafiri na madumu yangu juu ya baiskeli ya kaka, mama mmoja aliyetoka Buhigwe akaonja, akafumba macho, akauliza, "Hii amerina nani? Mume wako?"

"Mimi, mama."

"Nauliza aliyepanda juu."

"Mimi."

Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akanunua dumu zima, akaniambia nimletee tena. Nilirudi nyumbani nikiendesha ile baiskeli kwenye vumbi lile jekundu, naimba peke yangu, na kila kilima kilikuwa tambarare.

Sasa mwanangu, nimekuona na wewe unavyokaa na kusimulia. Una mipango mizuri, nimeisikia, tena mingine nimeipenda. Sitakuambia uache kuota. Mimi bila ile ndoto nisingeumia nilipoona mashoka, ningewapisha tu. Ila nakuomba ujipime. Ukimaliza kuisimulia ndoto yako ukajisikia umeshiba, jihadhari, maana utamu huo umeula kabla ya kuupika. Nyamaza kidogo. Tafuta kitu kimoja cha ndoto hiyo ambacho mkono wako unaweza kukishika leo, hata kama ni kidogo, hata kama utakikosea, na ukishike. Gogo la kwanza litapasuka. La kwangu lilipasuka, likapikia maharage. Chukua jingine.

Usisubiri mpaka ujue namna ya kufanya yote. Mimi sikujua nitapandaje mti mpaka nilipokuwa na mzinga wa kupandisha. Watu wa kukuvutia kamba huwaoni ukiwa umekaa. Mama yangu alikuja aliponiona na magoti yenye damu, siyo aliponiona na daftari. Na akitokea mtu mzima akakuuliza swali linalokuaibisha, usimkimbie kama nilivyotaka kumkimbia Mzee Ntiruka. Kasirika usiku mmoja, inaruhusiwa. Asubuhi uende.

Na kazi ukishaifanya sawasawa, iachie nafasi. Kuna sehemu ni yako na kuna sehemu ni ya Mungu, na mimi nyuki sikuwaumba.

Mungu aliyewavusha wazazi wangu mto wakiwa hawana kitu mikononi, aitie nguvu mikono yako. Akupe wa kukuambia ukweli na wa kukushikia kamba. Ukianguka, akuinue, ukifika juu, akukumbushe waliobaki chini na ndoo. Na utakapoonja jasho lako mwenyewe likiwa limegeuka kuwa tamu, ucheke sana, mwanangu, ucheke kwa sauti, mpaka sisi tuliokutangulia tukusikie. Amina.